Moto wa Rosa Kiden

Huko Abuku, karibu na Koboko, Rosa Kiden alijulikana kwa kunde kabla ya kujulikana kwa moto. Alipokuwa msichana, mbuzi wa jirani walimmalizia shamba lake la kunde, na jirani mwenyewe, badala ya kusema pole, alicheka akasema mbuzi hawajasoma, hawajui mpaka. Rosa akaenda kuokota maganda yaliyobaki. Msimu uliofuata jirani yule yule alikuja kuomba mbegu, maana zake zimeliwa na wadudu. Rosa akampa kapu zima, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Jirani akapanda, akapalilia, akangoja, akangoja tena. Haikuota hata moja. Rosa alikuwa amezichemsha kwanza, kisha akazianika vizuri juani.

Ndivyo alivyokuwa. Kuna watu hasira yao ni moto wa mabua, unawaka na kuzimika hapo hapo. Yake ilikuwa moto wa kinyesi cha ng'ombe: huuoni, lakini ukipekua majivu unakuta kaa bado lipo. Pitia, mumewe, alimwoa akijua hayo yote. Wenzake walipomcheka alisema afadhali mke wa kumwogopa kidogo kuliko mke wa kumsahau.

Pitia hakuwa tajiri, lakini alikuwa mwenye moto. Wasioijua nchi ile wataniuliza moto una mwenyewe? Unaye. Wakati wa kiangazi, majani ya mbuga yakishapita kichwa cha mtu na kukauka, watu huwinda kwa kuyachoma. Wanaume huizunguka mbuga, moto hupigwa pande zote kwa pamoja, swala na ndezi hukimbilia katikati, mikuki ikafanya kazi. Kila mbuga ina ukoo wake, na katika ukoo kuna mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kupiga moto wa kwanza. Hapa alikuwa Pitia, na baba yake kabla yake. Alivaa bangili ya chuma aliyovishwa akiwa mdogo, mkono ukakua, bangili ikabaki hapo hapo haitoki. Kila mnyama aliyeuawa, paja moja lilikwenda kwake. Mtu mwingine akichoma mbuga ile kabla yake, ni mwizi. Na akichoma mwanamke, basi ni balaa, maana iliaminiwa kwamba wanyama watakimbia na mwindaji atavunjika mfupa.

Sasa, jeshi lilipotwaa nchi mwaka 1971, vyeo viligawiwa kama karanga msibani. Nasuru wa Koboko, aliyekuwa akimenya viazi jikoni kambini, akawa sajini, kisha luteni, kisha kapteni. Kapteni hakosi gari, na mwenye gari hakosi rafiki. Kila kiangazi alileta wakubwa wenzake kuwinda kwa bunduki, wakala, wakanywa, wakasifu. Lakini moto ulipigwa na Pitia, na mapaja yalikwenda kwa Pitia, na wageni waliuliza, "Kumbe mwenye nchi hii ni yule mkulima?" Neno hilo lilimchoma Nasuru.

Mwaka 1976 akaja na kiberiti chake mwenyewe. Akasimama mbele ya watu wote, akataka kupiga moto. Pitia akamshika mkono.

"Afande, bunduki iko yako," akasema. "Moto iko yangu."

Watu wakacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa, kicheko kile. Kabla uwindaji ule haujasahaulika, gari lilikuja mchana kweupe, likamchukua Pitia akiwa anakoroga udongo wa kuziba ghala. Rosa alikimbia hadi kwa Nasuru bila hata kunawa unga mikononi.

"Pitia iko Arua, kambini," Nasuru akamwambia, akichokonoa meno. "Watauliza yeye maneno kidogo tu."

Rosa akaenda Arua. Alifikia kwa Medina, mwanamke wa Kinubi aliyesuka mikeka na makawa ya rangi, na ambaye hakumwuliza atakaa mpaka lini. Asubuhi Rosa alisaga karanga, mchana akaziuza karibu na lango la kambi, na kila askari aliyenunua alimwuliza habari za Pitia. Mmoja alisema hajui. Mwingine alisema yuko ndani, alete shati. Akaleta shati, shati likaingia, halikutoka. Mvua zikaja zikaenda. Siku moja Nasuru mwenyewe alitoka langoni na gari lake, akasimama, akashusha kioo.

"Rosa, wewe iko hapa bado? Pitia natoroka. Iko Zaire na bibi ingine. Rudi nyumbani, lima."

Jioni ile Rosa alisuka na Medina, akivuta ukindu mpaka ukakatika mikononi. Medina akamtazama.

"Binti yangu, aliye juu mngoje chini."

"Mama, nangoja mpaka lini?"

"Hiyo mimi hapana jua. Lakini kungoja, wewe nangoja mzuri. Mimi naona."

Akarudi Abuku. Huko akakuta Nasuru amejifanya mwenye moto, na amepiga marufuku: mtu yeyote asiingie na moto mbugani mpaka yeye afike. Na mlinzi aliyewekwa kulinda majani yale alikuwa Soka, mdogo wake Pitia, tumbo moja. Soka alikubali kwa sababu aliogopa, na sitamsimanga sana, maana wakati ule aliyekataa alifuatwa na gari. Rosa lakini alimsimanga. Alimpikia, akampakulia, wala hakumtazama usoni.

Kilichomla Rosa zaidi ni kwamba hakuwa mke wala hakuwa mjane. Kwao mtu asiyeonekana maiti yake haliliwi. Ngoma ya msiba haipigwi, mke hanyoi nywele, jina la marehemu hapewi mtoto wa ukoo. Pitia alining'inia tu, hayupo kwa walio hai wala kwa waliolala. Rosa aliziacha nywele zake, akazisuka kila wiki. Usiku aliomba rozari ya misheni, na katikati ya Salamu Maria alimwomba Bikira amvunje Nasuru. Hakuona kwamba maombi hayo mawili yanagombana.

Kiangazi cha 1979 kikafika. Habari za vita zilikuwa zinasikika, lakini vita vilikuwa kusini, mbali, na redio ilisema tunashinda. Mwezi wa pili Soka akaja jikoni kwa Rosa, amevua kofia.

"Shemeji, Kapteni natuma neno. Yeye nakuja kuwinda. Watu tengeneza mikuki."

"Watengeneze."

"Na pombe." Soka akakunja kofia mikononi. "Yeye nasema pombe ya mtama ipikwe na mke ya marehemu Pitia."

Rosa aliacha kukoroga.

"Sema tena."

"Pombe ipikwe na..."

"Neno ya mwisho."

Soka naye akalisikia sasa. Akakaa chini palepale kwenye majivu. Tangu siku ile ya langoni Nasuru alisema Pitia yuko Zaire na bibi mwingine. Hakuna aliyewahi kusema marehemu. Lakini mtenda husahau, mtendewa hasahau, na Nasuru alikuwa amesahau hata uongo wake mwenyewe.

Rosa hakulia. Alijua sasa, na pamoja na kujua alijua kwamba anatakiwa kupika pombe ili mwuaji anywe katika mbuga ya aliyemwua. Alimaliza kupika chakula, akampakulia Soka, akaosha chungu.

Siku ya soko watu wengi walikwenda Koboko. Jua lilipokuwa utosini na upepo umeanza kuvuma, Rosa alitoka na kigae cha makaa amekifunika kwa kigae kingine. Soka alikuwa amelala kivulini kwenye ukingo wa mbuga. Rosa akampita. Akapuliza makaa, akawasha kicha cha majani makavu, akakitupa. Alipiga moto upande mmoja tu, makusudi, ili wanyama wapate njia ya kukimbia. Majani yalilia kama mvua ya mawe. Swala walitoka kwa makundi upande wa pili, wakavuka mto, wakaenda zao Zaire, na Rosa aliwaangalia akacheka peke yake mpaka moshi ukamkaba. Nasuru atakuja na wakubwa wake, atakuta majivu. Atacheka nani sasa?

Soka aliamka akadhani ni siku ya kiyama. Alipomwona Rosa na kigae mkononi alishika kichwa.

"Shemeji, wewe nauwa sisi! Yeye nachinja mimi!"

"Wewe nalinda majani ya mutu nauwa ndugu yako," Rosa akasema. "Kama yeye nachinja wewe, iko sawa."

Ndiyo, alisema hivyo. Hasira ikishaiva haichagui wa kuumiza. Baadaye watu waliporudi sokoni walikuta mbuga yote nyeusi, vichuguu vimesimama uchi. Hakuna aliyeuliza nani, maana kila mtu alijua, na hakuna aliyelala vizuri tangu siku ile. Wengine walianza kupeleka mbuzi wao kwa wajomba ng'ambo ya mto.

Nasuru hakuja kwa gari. Asubuhi moja ilisikika ndege ndogo ikitoka upande wa Arua, ikapita juu ya mabati ya nyumba yake, ikainama, ikazunguka. Ni yeye, watu wakasema, anataka aonekane. Ikazunguka mara ya pili, chini zaidi. Hapo injini ikakohoa. Ikashika tena, ikakohoa, ikanyamaza kabisa, na ule ukimya ulikuwa wa kutisha kuliko kelele. Pangaboi lilisimama wima. Ndege iliteleza hewani, ikageuza pua huku na huku kama kuku anayetafuta pa kupita kwenye uzio. Upande huu miti ya mafuta, upande ule majani marefu yanayoficha mawe na vichuguu, mbele mto. Palikuwa na mahali pamoja tu peupe pa kuonekana, napo palikuwa peusi.

Ikashuka mbugani. Ikapiga chini, ikaruka, ikapiga tena, ikakwepa kichuguu, ikakimbia ikitimua jivu mpaka haikuonekana. Gurudumu likaingia shimo lililochimbwa na mhanga, pua ikachoma udongo, mkia ukainuka, ukarudi chini taratibu.

Watu walikimbia. Rosa alikimbia mbele yao wote, na ninajua alichokuwa akiomba njiani, nami sikiandiki. Rubani, kijana wa Moyo aliyeitwa Duku, alitoka mwenyewe, anatetemeka, damu puani. Nasuru ilibidi avutwe. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, na kilichouvunja ni cherehani. Alikuwa ameijaza ndege vitu mpaka juu: cherehani, redio, masanduku, mapazia yenye ndoano zake bado. Ndege ilipochoma pua, cherehani lilikuja mbele likamkuta.

Celestina, jirani yake Rosa, aliokota pazia moja akalikung'uta.

"Kapteni, hii nawinda nayo nini? Swala ama nguruwe?"

Hakuna aliyecheka, lakini wote walielewa. Hakukuwa na wageni ndani ya ndege. Hakukuwa na bunduki za kuwindia. Kusini hatukuwa tunashinda kama redio ilivyosema. Mtu huyu alikuwa anakimbia.

Nasuru mwenyewe, kwa mshtuko, alikuwa anacheka huku machozi yanatoka. Alishika jivu kwa viganja viwili.

"Nani nachoma hii?"

Soka alirudi nyuma ya watu.

"Sema! Mimi hapana piga mutu. Huyu naokoa mimi!"

"Kweli, mzee," Duku akasema. "Mimi natafuta kila mahali. Kama si hii nyeusi, sisi wote iko maiti."

Alikuwa amechoma ili amwaibishe, kumbe alikuwa anamtandikia kitanda. Miaka mitatu ya kungoja, na kisasi chake kimekwenda kumpokea adui kwa mikono miwili, kama mama. Aliinama akachota jivu lile lile, akatamani limrudie kuwa majani. Alikuwa na uchungu ambao hata siku ya shati hakuwa nao.

"Mimi nachoma," akasema.

Nasuru akamtazama. Akacheka tena. "Rosa! Basi omba. Kitu yoyote. Mimi natoa."

"Toa Pitia."

Kicheko kikakatika. "Pitia iko Zaire."

"Wewe nasema marehemu."

"Mguu nauma," Nasuru akasema, akageuza uso. "Beba mimi."

Duku alisema ni lazima aende kambini Koboko kutoa habari ya ndege, hiyo ndiyo kazi yake. Nasuru alimkataza kwa ukali, kisha kwa kubembeleza, akasema askari wa huko wakimkuta hapa na masanduku haya wakati wenzao wako vitani, hawatamsalimia. Kijana alikuwa amechoka kutumwa. Aliazima baiskeli akaenda. Hapo Nasuru akawa na haraka ya ajabu: abebwe, apelekwe mpakani, sasa hivi, kabla gari la kambi halijafika.

Watu wakafunga machela kwa miti miwili na blanketi. Soka na wanaume watatu wakainua. Njia ya mpakani iliyo fupi hukata katikati ya mbuga, ikapita chini ya kichuguu kikubwa chenye vichwa viwili. Waliielekea. Kila hatua Nasuru alipiga kelele kwa maumivu. Lakini walipokikaribia kile kichuguu alinyamaza, akainuka kwa kiwiko.

"Hapana hapa. Zunguka kwa mto."

"Kwa mto iko mbali, afande," Soka akasema.

"Zunguka! Mimi nasema zunguka!"

Rosa alikuwa anafuata nyuma. Alisimama. Mtu mguu umevunjika, anakimbia askari, kila hatua ni kisu, naye anaomba njia ndefu? Akakitazama kichuguu. Alikijua tangu alipoolewa, alikata kuni karibu yake. Lakini hakuwa amekiona bila majani tangu Nasuru alipopiga marufuku moto wa watu na kuupiga yeye, akichoma kila mwaka upande wa mbali tu na kuwapeleka wageni wake huko huko. Sasa mbuga ilikuwa uchi. Chini ya kile kichuguu palikuwa na rundo la mawe ambalo mchwa hawalipangi.

Alimtazama Soka, na kwa mara ya kwanza tangu Pitia achukuliwe alimtazama machoni. Soka akatazama mawe. Akamtazama Nasuru pale kwenye machela.

"Weka yeye chini," Soka akasema.

"Beba mimi! Soka, mimi nauwa wewe!"

"Weka yeye chini."

Wakaweka. Soka aliondoa mawe kwa mikono yake, hakukubali mtu amsaidie. Hakuchimba sana. Walikuwa wamemzika haraka, kama watu wanaoficha kitu cha wizi. Ilitoka nguo kwanza, kisha mfupa wa mkono, na kwenye mfupa ule bangili ya chuma, imeshika kutu, safari hii imelegea.

Rosa akapiga magoti. Ule mwaka wote wa lango la Arua, karanga, shati, na askari waliomdanganya; na Pitia alikuwa hapa, katika mbuga yake, mahali ambapo angemwita angesikika jikoni. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kile kilio kirefu cha msiba ambacho alikuwa amekikalia miaka mitatu, na Celestina akakipokea, na wanawake wote wakakipokea. Sasa aliweza kulia. Sasa alikuwa mjane.

Aliponyamaza, wanaume walikuwa wanamngoja. Mmoja alikuwa na panga, na alilishika mpini ukimwelekea Rosa. Ilikuwa haki yake na kila mtu alijua, hata Nasuru alijua, maana alikuwa ameanza kusali.

Rosa hakulipokea. Alikwenda hadi kwenye ndege, akarudi na pazia, lile zuri, la maua, bado lina ndoano. Akang'oa ndoano moja moja. Akatandika pazia chini, akaweka mifupa ya mumewe humo kwa utaratibu, kichwa, mikono, miguu, akafunga.

"Soka, toa huyu kwa machela."

"Rosa!" Nasuru akapiga kelele. "Mimi mutu mzima! Hiyo ni mifupa!"

"Machela iko moja," Rosa akasema. "Pitia nangoja mbele yako."

Wakamshusha. Hawakumtupa, hawakumpiga. Walimlaza kwenye jivu, uso ukielekea ndege na masanduku yake, wakamweka Pitia kwenye blanketi. Kutoka upande wa Koboko vumbi lilikuwa linainuka njiani, na lori la kambi lilisikika likibadilisha gia kwenye kilima.

Nasuru akamshika Rosa pindo la gauni. Uso wake ulikuwa mweusi kwa jivu, machozi yamechora njia mbili. "Mama yangu, hapana acha mimi hapa. Wale naona hii vitu, wale naona mimi nakimbia. Nini itapata mimi?"

Rosa alivitoa vidole vyake kwenye gauni, kimoja kimoja, kama alivyozitoa ndoano.

"Hapana ogopa," akamwambia. "Watauliza wewe maneno kidogo tu."

Kisha akaingiza bega lake chini ya mti wa machela, upande wa Soka, wakamchukua Pitia nyumbani.